Sauti Ina Njia Yake: Kuunganisha Kinanda, Maikrofoni na Kompyuta ya Linux



Tangu vikundi vyetu vianze kupata kompyuta zilizotumika, swali moja limenifuata kila niendako: "Mama, kompyuta tunayo, kinanda tunacho, maikrofoni tumenunua. Mbona havisikilizani?" Leo tulijibu swali hilo pamoja. Sitaanza na mashine. Nitaanza na kisa, halafu tutafika kwenye waya na programu. Msiogope. Hakuna jambo hapa linalomshinda mtu anayejua kusoma na mwenye subira.

KISA CHA BIBI NA SKRINI

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana hapa kisiwani Mombasa hukutana jioni kule Mama Ngina, chini ya mibuyu, pale meli zinapopita kuingia Kilindini. Baadhi yao huuza mihogo ya kukaanga na madafu, na kila mwezi wote hutoa mchango. Wengi ni watu wa Mji wa Kale. Waliamua kurekodi nyimbo za vugo, zile akina mama wanazoimba harusini huku wakigonga pembe, kwa sababu wanaozijua zote wamebaki wachache. Mmoja wao alikuwa bibi ambaye sauti yake ilijulikana mtaa mzima.

Wakachanga. Wakanunua kinanda kilichotumika na maikrofoni, wakapata kompyuta yenye Linux. Siku ikapangwa. Bibi akaja amejifunga leso mpya, akaketi. Kijana wetu akachomeka waya zote, akabonyeza kinanda: kimya. Akazima kompyuta, akawasha tena: kimya. Mara mwadhini anaadhini, tunangoja. Mara hamali anapita na mkokoteni, tunangoja. Saa tatu zikapita hivyo. Mwisho Bibi akainuka, akasema, "Wanangu, mimi narudi nyumbani. Mashine yenu ikipona, niiteni."

Kumbe mashine haikuwa mgonjwa. Sauti ilikuwa ikitoka vizuri kabisa, lakini ilielekezwa kwenye waya wa skrini, ule wa HDMI, na skrini ile haina spika. Kinanda nacho kilikuwa kikituma ujumbe wake, lakini hapakuwa na programu iliyoambiwa iupokee. Makosa mawili, na kila moja linarekebishwa kwa dakika moja. Tuliyagundua baada ya wiki mbili. Kabla hatujapanga siku nyingine, Bibi akapata kiharusi. Yuko hai, anatusikia, anatabasamu tukiimba, lakini sauti ile haikurudi.

Nilikuwepo siku ile. Ni mimi niliyepanga tarehe bila kuuliza kama vyombo vimejaribiwa. Ndiyo maana naandika haya.

VITU VIWILI TOFAUTI: SAUTI NA MAAGIZO

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili. Ndani ya kompyuta hupita vitu viwili, na watu wengi huvichanganya.

Kitu cha kwanza ni SAUTI yenyewe. Hiyo hutoka kwa mwimbaji, huingia kwenye maikrofoni, na kompyuta huipima mara nyingi sana, kwa kawaida mara 48,000 kwa sekunde, na kuiandika kama namba.

Kitu cha pili ni MAAGIZO, yanayoitwa MIDI. Hebu fikiria umefika Mama Ngina ukamwambia mwenye meza, "Nipe mihogo ya hamsini, tia ndimu na pilipili." Maneno yako si mihogo. Ni maagizo tu, na kama mwenye karai hayupo, utaondoka na njaa. Kinanda kilichochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB kwa kawaida hufanya hivyo hivyo. Hakipeleki sauti. Kinapeleka ujumbe kama huu: "Noti namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu 90, chaneli ya 1." Lazima kuwe na mpishi ndani ya kompyuta, yaani programu ya kugeuza maagizo kuwa sauti.

Lugha hii ya MIDI ilianza kutumika mwaka 1983, baada ya watengenezaji wa vinanda walioshindana kukubaliana. Waliosukuma jambo hilo zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Ina chaneli 16, na noti pamoja na nguvu zake huhesabiwa kutoka 0 hadi 127. Kwa sababu ni maagizo tu, wimbo mzima wa MIDI huchukua nafasi ndogo sana. Sauti iliyorekodiwa ni nzito: ile ya kawaida ya pande mbili, kushoto na kulia, hula karibu megabaiti 11 na nusu kwa kila dakika.

Je, kinanda kinatosha peke yake? Kwa muziki wetu wa pwani hakitoshi. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa sauti 128 ambazo vinanda vingi huzifuata. Humo mna akodiani, filimbi, hata koto ya Kijapani na sitari ya Kihindi. Udi haumo. Kanuni haimo. Marehemu Zein l'Abdin, mpigaji udi aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa, alipitisha vidole katikati ya noti mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Basi kinanda kitawasaidia kushika mahadhi, lakini udi, pembe za vugo na sauti ya mama anayeimba lazima zipite kwenye maikrofoni. Ndiyo maana kikundi kinahitaji njia zote mbili, ya sauti na ya maagizo.

NANI ANAFANYA KAZI GANI

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi kule Finland. Inaruhusiwa kutumiwa, kunakiliwa na kugawiwa bila kulipa leseni, na inakwenda hata kwenye mashine za zamani kidogo. Kwa kikundi chenye mfuko mdogo hilo si jambo dogo. Lakini kazi za sauti ndani yake zimegawanywa, nanyi mkimjua kila mfanyakazi hamtababaika.

ALSA ni bawabu wa mlangoni. Ndiyo inayozungumza na vifaa vyenyewe: tundu la hedifoni, kisanduku cha sauti, kinanda cha USB.

PipeWire ni msimamizi wa stendi. Inaamua sauti ipi ipande gari gani na ishuke wapi. Zamani kazi hii ilifanywa na programu mbili, PulseAudio kwa matumizi ya kawaida na JACK kwa wanamuziki, nazo ziligombana. PipeWire inafanya kazi za zote mbili. Imo tayari katika Ubuntu tangu toleo 22.10, na katika Debian 12 ya mwaka 2023 yenye GNOME.

Qsynth ndiye mpishi. Inapokea maagizo ya MIDI na kutoa sauti. Lakini mpishi anahitaji unga: faili la sauti za ala, ambalo huitwa saundifonti.

Ardour ni daftari la kurekodi. Kila mwimbaji na kila ala hupata mstari wake.

qpwgraph ni ubao wa kuonyesha njia. Unaona visanduku, unavuta kamba kutoka kimoja hadi kingine.

HATUA KWA HATUA

1. Choreni ramani kwenye karatasi kwanza. Chukueni kalamu, andikeni: Maikrofoni → kisanduku cha sauti → Ardour. Chini yake: Kinanda → Qsynth → Ardour. Halafu: Ardour → hedifoni. Msipoweza kuichora, hamtaweza kuiunganisha. Ibandikeni ukutani.

2. Wekeni programu. Siku mna bando ya kutosha, fungueni dirisha la amri mwandike kwa mstari mmoja:

sudo apt install qpwgraph qsynth fluid-soundfont-gm ardour pipewire-jack alsa-utils

Saundifonti peke yake ni karibu megabaiti 140, kwa hiyo msianze kazi hii siku ya kurekodi.

3. Hakikisheni sauti inatokea mnapotaka. Hapa ndipo tulipoanguka sisi. Andikeni:

wpctl status

Itatokea orodha. Angalieni sehemu iliyoandikwa Sinks, yaani mahali sauti inapoishia. Yenye nyota ndiyo iliyochaguliwa. Kama nyota iko kwenye HDMI na skrini yenu haina spika, mtakesha. Someni namba ya tundu mnalolitaka, tuseme ni 45, mwandike:

wpctl set-default 45

4. Hakikisheni kinanda kinatuma maagizo. Andikeni:

aconnect -i

Mtaona kinanda chenu na namba yake, kwa mfano 20. Sasa andikeni:

aseqdump -p 20

Bonyezeni kinanda. Maneno yakianza kushuka kwenye skrini, yenye Note on na Note off, kinanda ni kizima na waya ni mzima, hata kama hamsikii chochote. Maneno yasiposhuka, badilisheni waya kabla ya kumlaumu mtu. Kutoka, bonyezeni Ctrl na C pamoja.

5. Mwiteni mpishi. Andikeni:

pw-jack qsynth

Ndani ya Setup, upande wa Midi chagueni alsa_seq, upande wa Audio chagueni jack. Kwenye Soundfonts ongezeni faili FluidR3_GM.sf2, lililoko /usr/share/sounds/sf2.

6. Vuteni kamba. Fungueni qpwgraph. Matundu ya sauti yana rangi ya kijani. Ya maagizo yana nyekundu au zambarau. Rangi moja haiungani na rangi nyingine, nao ni ulinzi mzuri: huwezi kupeleka maagizo kwenye spika. Tafuteni kinanda chenye rangi sawa na tundu la maagizo la FLUID Synth, vuteni kamba. Kisha kutoka matundu mawili ya sauti ya Qsynth, kushoto na kulia, vuteni hadi kwenye hedifoni. Bonyezeni kinanda. Sasa mnasikia.

7. Fungueni daftari. Andikeni pw-jack ardour, na ikiuliza mfumo wa sauti chagueni JACK. Ongezeni mstari wa sauti kwa maikrofoni, na mstari wa pande mbili kwa Qsynth. Katika qpwgraph vuteni kamba kutoka maikrofoni na kutoka Qsynth hadi kwenye mistari hiyo. Sauti ya Qsynth sasa itafika kwenye hedifoni kupitia Ardour, kama ramani yenu inavyosema, kwa hiyo kateni zile kamba za hatua ya 6 zilizokwenda moja kwa moja. Bonyezeni kitufe chekundu cha kila mstari, kisha kitufe chekundu kikuu cha kurekodi na kile cha kucheza, imbeni dakika moja, sikilizeni.

8. Hifadhini njia zenu. Hatua hii husahauliwa na wengi. Kamba mlizovuta kwa mkono zinaweza kupotea stima ikipotea au kompyuta ikizimwa. Ndani ya qpwgraph kuna menyu ya Patchbay. Hifadhini humo kwa jina mnalolielewa, na mwache Activated ikiwa imewashwa. Mara nyingine mkifungua faili hilo, kamba zitajivuta zenyewe.

FERI NA MASHUA

Mtaona jambo moja: mtu anabonyeza kinanda, sauti inakuja imechelewa kidogo. Kwa nini?

Kompyuta haivushi sauti punje kwa punje. Inapakia kwa mafungu, kama feri ya Likoni inavyovusha watu. Feri kubwa hubeba wengi na haibabaiki, lakini lazima ungoje ijae. Mashua ndogo huondoka upesi, lakini mwendeshaji hapumziki hata kidogo, na akichoka abiria wanaachwa gatini. Fungu hilo huitwa bufa.

PipeWire kwa kawaida hupakia punje 1,024 kwa safari. Kwa mwendo wa 48,000 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 21, na hapo ni safari moja tu. Kuingia na kutoka huongezeka. Mpiga kinanda atalalamika. Mkiweka 256 inakuwa milisekunde 5 na kidogo, ambayo ni sawa na kukaa chini ya mita mbili kutoka kwa mpiga ngoma. Hakuna atakayelalamika. Andikeni:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256

Sauti ikianza kukatika-katika, kompyuta imechoka. Pandisheni hadi 512. Mkimaliza, andikeni amri hiyo hiyo na 0 mwishoni ili irudi ilivyokuwa. Mkizima kompyuta, mtaandika upya siku nyingine. Na kumbukeni: wakati wa kupiga tumieni bufa ndogo, wakati wa kusikiliza na kusawazisha tu, kubwa ni salama zaidi.

MAKOSA TULIYOYAONA VIKUNDINI

Mlio mkali unaopasua masikio. Maikrofoni inasikia spika, spika inarudia maikrofoni, inakuwa mzunguko. Zimeni spika, vaeni hedifoni.

Hedifoni zisizo na waya. Ni nzuri kwa kusikiliza redio, lakini huchelewesha sauti hata bufa ikiwa ndogo. Kurekodi tumieni za waya.

Noti inagonga mara mbili. Kinanda kimeungwa na Qsynth moja kwa moja, na pia kinapitia mstari wa MIDI ndani ya Ardour kwenda Qsynth ile ile. Mwenye karai amepokea agizo moja kwa midomo miwili. Kateni kamba moja.

Maikrofoni bubu. Maikrofoni za kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku cha sauti. Tafuteni kitufe chake.

Upepo na chumvi. Pale Mama Ngina pazuri kwa mazoezi lakini upepo unavuma ndani ya maikrofoni, na hewa ya bahari inakula matundu na ncha za waya. Rekodini ndani ya chumba chenye mazulia na mapazia. Vifaa vikaukeni kwa kitambaa, mvitie kwenye chombo chenye kifuniko.

UJUZI USIWE WA MTU MMOJA

Yule kijana wetu alijifunza haya yote vizuri. Halafu akapata kazi Uarabuni, akaenda, nasi tulimpongeza. Wiki iliyofuata kompyuta ikawa meza ya kuwekea chai. Ujuzi ulikuwa umepanda ndege.

Basi kikundi kikaamua mambo matatu. Kwanza, ramani ya njia ibandikwe ukutani, na amri ziandikwe kwenye daftari la katibu, pamoja na kumbukumbu za mikutano. Pili, watu watatu wajue, na mmoja wao awe mama mwenye umri. Tatu, hakuna mzee atakayeitwa kabla vyombo havijajaribiwa jana yake, mwanzo hadi mwisho, kwa kurekodi na kusikiliza.

Mama mmoja muuza madafu, aliyeishia darasa la saba, ndiye anayevuta kamba siku hizi. Nilimuuliza kama haoni vigumu. Akanijibu, "Mama, mimi naangalia rangi. Kijani kwa kijani. Kikinyamaza, nauliza: sauti imefika wapi, imekwama wapi? Namfuata kama mtoto aliyetumwa dukani."

Sina maelezo bora kuliko hayo. Sauti ikikosekana, msizime na kuwasha ovyo. Ifuateni kituo kwa kituo, kuanzia inapotoka: kinanda kinatuma? Qsynth inapokea? Kamba ipo? Nyota iko kwenye tundu sahihi? Kituo kile jibu linapokuwa "hapana", hapo ndipo penye kazi.

Kikundi kimesharekodi nyimbo za mama wawili wengine. Bibi huletwa kusikiliza. Wakikosea neno, hutikisa kichwa, nao huimba tena mpaka atulie.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kisa cha Bibi, kosa lilikuwa la mashine au la watu? Sisi tumewahi kufanya kama hivyo katika kazi gani nyingine?

2. Ni nani katika kijiji chetu anajua nyimbo, hadithi au dawa ambazo hazijaandikwa wala kurekodiwa? Ana umri gani? Je, tumemuomba ruhusa, na rekodi itakuwa ya nani?

3. Ni ujuzi gani katika kikundi chetu uko kichwani mwa mtu mmoja tu? Nani wawili watakaofundishwa mwezi huu?

4. Tuchore ramani ya njia ya sauti kwa vifaa tulivyo navyo. Kipi kinakosekana? Je, tunaweza kuazima kwa kikundi jirani badala ya kununua?

Jaribuni, mkikwama ulizaneni. Kuuliza si ujinga. Na yule mzee mnayemfikiria sasa hivi, jaribuni vyombo wiki hii, kisha mwiteni wiki ijayo.